Maumivu Yanaporudi Baada ya Kuwekewa Chuma cha Nyonga

Mtu aliyevunjika nyonga, hasa mzee aliyeanguka, mara nyingi huungwa mfupa kwa skrubu, bamba au fimbo ya chuma. Ieleweke kuwa chuma hakiponyeshi mfupa. Kazi yake ni kushikilia vipande mpaka viungane, na hilo huchukua miezi. Mfupa ukichelewa kuunga, au ukiwa umedhoofika kwa uzee, skrubu inaweza kulegea na kutoboa kichwa cha mfupa wa paja hadi ndani ya kiungo.

Mgonjwa aliyekwisha kuzoea kutembea kwa magongo huanza kuumwa kinena kila anapokanyaga; mguu huonekana mfupi au hugeukia nje. Hapo baadhi ya familia huita mchuaji. Kuchua hakurudishi skrubu mahali pake, na kunaweza kusogeza vipande zaidi. Mgonjwa apelekwe hospitali akapigwe eksirei. Picha ya siku ya upasuaji ichukuliwe pia, maana daktari huzilinganisha ili aone kilichosogea.

Waliovunjika shingo ya paja wana hatari nyingine. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita hapo. Ikikatika, kichwa kinaweza kufa taratibu na maumivu kujitokeza hata baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati mfupa umekwisha kuunga. Wengi hudhani ni uzee tu.

Mshono unaotoa usaha, homa, shavu la mguu lililovimba au kupumua kwa shida visingoje tarehe ya kliniki. Mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo.