Waranti Imeisha, Injini Imekufa: Lipa kwa Hatua, Usilipe kwa Hofu

Ilikuwa Jumapili jioni. Mmoja wetu hapa kwenye timu alikuwa anatoka Nakuru kurudi Nairobi, mama yake amekaa kiti cha mbele. Mama alikuwa na kliniki Jumatatu asubuhi. Naivasha walipita bila shida, lakini walipoanza kupanda kuelekea Kinungi, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Hawakumaliza mlima. Mvuke ulitoka chini ya boneti na injini ikazima yenyewe.

Gari ikavutwa hadi gereji ya karibu. Fundi akafungua boneti, akaangalia, akatikisa kichwa. "Mkubwa, hii injini imeenda. Lazima tuweke ingine." Bei ni Sh95,000. Na kuna moja iko tayari, lakini inatakiwa Sh50,000 usiku huo huo, zitumwe kwa namba ya simu yake, ndio isichukuliwe na mtu mwingine.

Mwenzetu alishaandika kiasi. Kilichobaki ni nambari ya siri tu. Kabla hajaibonyeza, akampigia mjomba wake ambaye aliendesha matatu kwa miaka mingi. Mjomba hakuuliza bei. Aliuliza, "Wamepima nini?"

Hakuna kitu kilichokuwa kimepimwa.

Tumeamua kuandika kuhusu hilo swali kwa sababu wengi wetu tunatuma pesa za gereji tukiwa na hofu. Gari imekwama, giza linaingia, na simu iko mkononi. Kutuma ni sekunde chache. Kurudishiwa ni hadithi ingine.

Kwa nini wengi wetu hatuna waranti

Magari mengi tunayonunua Kenya ni mitumba kutoka nje, hasa Japani. Sheria inaruhusu gari ambayo haijapita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Waranti ya gari mpya kwa kawaida ni ya miaka michache au idadi fulani ya kilomita, chochote kitakachotangulia. Kwa hivyo gari ya miaka 7 ikishuka melini Mombasa, waranti ya kiwandani mara nyingi ilishaisha zamani.

Wengine hufikiri bima kubwa itasaidia. Bima hiyo kwa kawaida hulipia ajali, wizi na moto. Injini iliyokufa kwa kuchakaa au kwa kuchemsha haiingii humo. Soma karatasi zako uhakikishe, lakini usipange bajeti ukitegemea hilo.

Inabaki wewe, fundi na mfuko wako.

Pima kwanza, na ulipie kupima peke yake

Siku iliyofuata mama alipanda matatu na kliniki hakukosa. Gari nayo ikapelekwa gereji ya pili, mjini Naivasha. Huko mwenzetu alilipa Sh2,500 za uchunguzi tu, kabla ya kuzungumzia matengenezo yoyote. Fundi akapima mgandamizo wa silinda na kuangalia kama maji yanavuja kwenda ndani. Jibu: injini haikuwa imekufa. Gasketi ya hedi ndiyo iliyoungua.

Ni vizuri kuelewa kinachotokea hapo. Hedi ni ile sehemu ya juu ya injini. Kati yake na bloku kuna gasketi inayozuia maji, oili na moto wa silinda visikutane. Kulanti ikipungua, injini hupata joto kupita kiasi, hedi ya alumini hupinda na gasketi huachia. Dalili zake ni moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, kulanti kupungua bila kuona inakovujia, na oili kubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa. Ukiendelea kuendesha hivyo, oili iliyochanganyika na maji italiharibu beringi, na hapo sasa ndio utaanza kutafuta injini ingine kweli.

Na kuweka maji ya mfereji badala ya kulanti? Yataleta kutu, na pia huchemka mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji matupu huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kifuniko cha rejeta huongeza shinikizo ili yasichemke haraka. Kifuniko kikilegea, kazi hiyo haifanyiki. Kifuniko ni cha bei ndogo ukilinganisha na hedi.

Mshale ukipanda, simama mahali salama na uzime injini. Usifungue rejeta ikiwa moto, na usimwagie injini maji baridi.

Gawanya malipo yako

Hii ndiyo hesabu ya mwenzetu hadi mwisho:

- Uchunguzi: Sh2,500
- Spea, yaani gasketi, thamostati, kulanti, oili na filta: Sh14,000
- Hedi kusawazishwa kwenye mashine: Sh4,000
- Kazi ya fundi: Sh10,000
- Kuvuta gari mara mbili: Sh7,000

Jumla Sh37,500. Si pesa kidogo, lakini si Sh95,000. Na angalia vile alilipa.

Spea alilipia dukani moja kwa moja, kwa nambari ya tili ya duka, akapewa risiti. Fundi alimtumia orodha kwa simu, yeye akalipa. Hii haimaanishi fundi ni mwizi. Inamaanisha kila shilingi ina mahali pake, na fundi mwenyewe hawezi kulaumiwa kwa bei ya duka.

Kazi ya fundi aliigawa mara tatu: Sh3,000 hedi ilipofunguliwa na shida kuonekana kwa macho, Sh3,000 injini ilipofungwa, na Sh4,000 baada ya kuiendesha na kuangalia mshale wa joto. Fundi mzuri hukubali mpango kama huu, kwa sababu naye anahitaji pesa ya kuanzia. Anayetaka zote kabla hajashika spana, muulize ni kwa nini.

Ikiwa kweli unahitaji injini ingine, hatua ni zile zile. Iskize ikinguruma kabla ya kulipa kama inawezekana, na uandikiane na muuzaji siku ngapi unaweza kuirudisha. Usisahau kwamba namba ya injini iko kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, lazima uijulishe NTSA ili rekodi ibadilishwe, la sivyo utapata shida siku ya kuuza gari.

Kabla ya kubonyeza nambari ya siri

Kuna mambo ambayo kila siku tunaona wateja wakiyajua wakiwa wamechelewa.

Kwanza, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukilipa duka na linatokea jina la mtu usiyemjua, simama na uulize.

Pili, kurudishiwa pesa kwa njia ya simu ni kwa muamala uliokosewa, kama kutuma kwa namba isiyo sahihi. Hata hapo unahitaji kuripoti mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Hatuwezi kurudisha pesa kwa sababu gari bado inachemsha. Ulimtuma mtu uliyekusudia, kiasi ulichokusudia. Ugomvi wa kazi mbaya ni kati yako na gereji, ndiyo maana kulipa kwa hatua ni muhimu hivyo.

Tatu, usifute ujumbe wa malipo. Kila ujumbe una tarehe, saa, jina, kiasi na nambari ya muamala. Baada ya kulipa, mwandikie fundi mara moja: "Nimetuma Sh3,000, malipo ya kwanza ya kazi ya hedi." Akijibu "Sawa bosi", tayari mna makubaliano ya maandishi.

Wiki tatu baadaye, gari ya mwenzetu ilianza tena kupoteza kulanti. Hakupiga kelele. Alimtumia fundi picha za jumbe zote, risiti ya gasketi, na yale maneno ya fundi mwenyewe kwamba kazi yake anaisimamia kwa miezi mitatu. Fundi alirudia kazi bila kudai leba. Bolti moja ya hedi haikuwa imekazwa vizuri. Waranti ya kiwandani haikuwepo, lakini walikuwa wamejitengenezea ya kwao.

Sheria nayo haijakuacha

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Una haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na una haki ya kudai spea za zamani zilizotolewa kwenye gari yako. Ziombe. Gasketi iliyoungua inaonekana.

Mkishindwa kuelewana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utakachohitaji ni ushahidi, na sehemu kubwa iko kwenye simu yako tayari.

Weka kando kabla mshale haujapanda

Ukiweka Sh500 kila wiki kwenye akiba ya simu, baada ya mwaka una Sh26,000 kabla ya riba yoyote. Kwa mwenzetu hiyo ingelipia uchunguzi, spea na hata kusawazisha hedi, na chenji ibaki. Kama gari ndiyo inakuletea chakula, iwe ni teksi au ya kubeba mizigo, toa hiyo pesa kwenye mapato ya siku ile ile, kama vile unavyotoa ya mafuta.

Mkopo wa haraka ufikirie mara mbili. Tuseme umechukua Sh20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Utarudisha Sh21,600. Gari ikikaa gereji wiki tatu, siku ya kulipa itafika kabla haijaanza kuingiza chochote. Ukilazimika kukopa, kopa kiasi cha hatua iliyo mbele yako, si cha bei uliyotajiwa usiku kando ya barabara. Na ukiwa na chama, zungumza nao kwanza.

Siku hizi mwenzetu hufungua boneti kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, akaangalia kulanti na oili. Dakika tano tu. Mama yake naye, kila akipanda hiyo gari, macho kwanza huenda kwenye mshale wa joto.

Mtumie makala hii mtu unayemjua mwenye gari. Na siku ukiambiwa injini imekufa, kabla ya kuandika kiasi chochote, uliza lile swali la mjomba: wamepima nini?