Shamba la Minazi au Gari la Nyumbani?



Baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi, bibi mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitoka, akanijia na swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza habari za twahara wala za saumu. Alisema: "Sheikh, marehemu baba aliniachia kipande cha shamba kule Waa, kina minazi na miembe miwili. Mume wangu anataka nikiuze tununue gari. Asema tumechoka kudhalilika katika matatu. Nami kwa kweli nimechoka. Lakini moyo haunipi. Je, niuze?"

Nilimjibu kwanza lile lililo wepesi. Mali aliyorithi mwanamke ni yake, na mumewe hana haki ya kumlazimisha kuiuza. Akitoa kwa ridhaa yake, hiyo ni hisani na ana malipo yake kwa Mola. Bibi akatikisa kichwa, maana hilo alilijua kabla hajaniuliza. Alilotaka kujua ni kama gari lenyewe lastahiki minazi ya babake, na jambo hilo halimo katika vitabu nilivyosomeshwa madrasa. Nikamwomba juma moja. Na kwa kuwa najua nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe zina mjadala huu huu kila nauli ipandapo, nimemwomba pia idhini ya kuliandika hapa bila ya kumtaja, naye ameniruhusu.

Tuanze na matatu, kwani ndiyo iliyotulea. Jina lenyewe latokana na tatu, yaani zile sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya safari moja Nairobi zamani. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila ya leseni maalumu, na tangu hapo yakaenea nchi nzima hata yakayashinda mabasi makubwa. Fadhila ya matatu ambayo hatuishukuru ni kuwa taabu zake hukoma kwenye nauli. Ukishashuka Buxton, habari ya tairi, ya bima, ya askari wa barabarani na ya springi iliyovunjika si yako tena. Gari likiharibika njiani, utalalamika, utarudishiwa nauli au hutarudishiwa, kisha utapanda jingine. Mwenye gari yeye atabaki pale pale juani, ameinamia injini pamoja na fundi.

Lakini haikuwa nauli iliyomchosha bibi yetu. Kilichomchosha ni kusukumwa. Wengi tunakumbuka Februari 2004, pale kanuni za waziri wa uchukuzi wa wakati ule, marehemu John Michuki, zilipoanza kutumika: abiria kumi na wanne na asizidi hata mmoja, mkanda kwenye kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Kwa muda tulipanda gari kama watu. Kisha taratibu makanga akaanza kusema "songeni kidogo", na ule msemo ndio umekuwa sheria mpya. Saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, kiti cha watatu hukaliwa na wanne, na nauli ya asubuhi huongezeka maradufu bila ya aliyetangaza.

Na yako mambo ambayo mwanamume aliyeketi ndani ya gari hilo hilo hayaoni. Hili nimelijua kwa kuchelewa, na nakiri kwa haya. Binti yangu alipoanza chuo kisiwani, alikuwa akirudi baada ya Magharibi kwa nusu saa au zaidi, nami nikimkaripia. Siku moja mamake ndiye aliyenieleza. Kumbe msichana huziacha matatu tatu au nne zipite, akingoja ile yenye nafasi kando ya mwanamke mwenziwe, au kiti cha dirishani nyuma ya dereva, asije akabanwa katikati ya wanaume asiowajua. Pale stejini makanga humshika mkono kumvuta garini kana kwamba avuta gunia. Nilikuwa nimemkaripia kwa kuilinda heshima yake. Mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya matatu, na sheria ikaongezwa makali mwaka ule ule. Sheria ni jambo jema, lakini haikai kwenye kiti cha nyuma saa moja usiku.

Kwa hivyo simlaumu anayetamani gari. Gari ni sitara. Mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, huhitaji kumbembeleza mtu wa bodaboda. Mama mzee asiyeweza kuinua goti kupanda matatu huketi mbele kwa utulivu. Mwenye mimba hasukumwi. Unga, nazi na mtungi wa gesi huingia buti bila ya kulipiwa kiti. Na mazungumzo ya mke na mume garini ni ya wawili, hayana msikilizaji wala muziki wa kupasua masikio.

Nami nimewahi kuwa na gari. Nilijifunza kuendesha nikiwa na umri wa miaka arubaini na moja, jambo lililowachekesha wanafunzi wangu, nikanunua gari dogo lililokwishatumika, nikakaa nalo miaka minne. Kwa tabia ya kimadrasa niliandika kila senti katika daftari, petroli ukurasa mmoja na fundi ukurasa wa pili. Mwaka wa kwanza ukurasa wa fundi ulikuwa mtupu nikajiona hodari. Mwaka wa tatu ulijaa kabla ya ule wa petroli. Sisi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui, nayo ni hewa ya chumvi. Kutu huanza chini, mahali usipopaona, na siku unapoiona imekwisha kula.

Mnunuzi hutazama bei ya gari na kusahau kuwa bei ile ni mlango tu. Gari linaloingizwa nchini halitakiwi kupita miaka minane tangu kutengenezwa, kwa hivyo hata lile tuliitalo jipya limekwishazunguka barabara za Japani kabla ya kuteremshwa Kilindini. Bima ni lazima kisheria, na ile ya chini kabisa humlipa utakayemgonga wala haikulipi wewe gari lako. Mafuta nayo bei yake hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na hakuna ajuaye itakuwaje. Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 200, hata hapa Mombasa ambapo meli hushusha na bei huwa nafuu kuliko bara. Abiria wa matatu naye huumia nauli inapopanda, ni kweli, lakini aweza kutembea au kuahirisha safari. Mwenye gari hulipia bima hata gari likiwa limelala uani.

Kuna gharama moja ambayo sikuweza kuiandika daftarini. Gari la mtu mmoja, kwetu sisi, ni gari la ukoo. Siku ya pili baada ya kulinunua, shangazi alinipigia simu kuuliza kama najua njia ya kwenda Msambweni. Kukiwa na maziko ni wewe, kukiwa na harusi ni wewe wa kubeba masufuria ya biriani, na mgonjwa wa jirani huletwa mlangoni kwako hata bila ya salamu. Thawabu zimo, sikatai, na huenda zile safari ndizo zilizokuwa bora kuliko zote nilizoziendesha. Ila mwenye kupiga hesabu ya petroli kwa safari zake mwenyewe na aizidishe mara mbili.

Na foleni je? Wengi hudhani gari lao litawatoa katika msongamano, ilhali gari lao ndilo msongamano. Anayetoka Kisauni, Bamburi au Mtwapa kuingia kisiwani hupita Daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980, wakati watu na magari vilikuwa vichache mno kuliko leo. Matatu na gari la fahari husimama pale bega kwa bega. Ukishavuka, utafute pa kuegesha na ulipe ada ya kaunti. Na kama shughuli yako iko Mji wa Kale, utaliacha gari mbali na kuingia vichochoroni kwa miguu, ukiwa umefika pamoja na yule aliyekuja kwa matatu. Likoni ndiko kunakochekesha zaidi. Mtembea kwa miguu huvuka kwa feri bure, na mara nyingi huwa ameshafika ng'ambo na kununua viazi karai, hali mwenye gari yuko foleni akingoja zamu ya kulipa. Sisahau kuwa kivuko kina majonzi yake kwa wote: abiria zaidi ya 270 waliozama na feri ya Mtongwe Aprili 1994, na yule mama na mwanawe waliotumbukia na gari lao Likoni Septemba 2019. Allah awarehemu. Siku hizi mwenye gari aweza kupita barabara ya Dongo Kundu kwenda Kwale bila ya kugusa feri, na kwa bibi yetu mwenye mama mzee Waa, hiyo si faida ndogo.

Bibi aliporudi Jumamosi iliyofuata, sikumpa hesabu hizi. Nilikuwa nimempa kazi: aandike kila safari ya nyumba yao kwa siku saba, nani ameenda wapi na saa ngapi. Alileta karatasi iliyokunjwa mara nne. Watoto wawili kwenda shule na kurudi, jua kali. Yeye kwenda Kongowea kununua unga na nazi, kisha kupeleka sambusa na mahamri kwa wateja wake kisiwani kabla ya saa nne. Kliniki mara moja. Waa kumwona mamake mara moja. Mume kwenda bandarini alfajiri, na kurudi jioni.

Tukaisoma pamoja, mimi nikiwa na kalamu. Nikamuuliza: "Gari likinunuliwa, nani atakwenda nalo?" Akajibu bila ya kufikiri: "Baba watoto, kazini." Kisha akanyamaza. Maana karatasi ilikuwa mbele yake. Gari lingetoka alfajiri na kukaa Kilindini juani mpaka jioni, na katika safari zake zote za juma lile, ni ile ya Waa tu, iliyokuwa Jumapili, ambayo gari lingekuwepo nyumbani. Angeuza minazi yake, kisha asubuhi ya pili asimame stejini Mtopanga na kikapu chake cha sambusa, akisukumwa vile vile.

Hapo ndipo ninapoona wengi wetu hukosea. Twauliza kipi bora, gari au matatu, kana kwamba nyumba ni mtu mmoja. Nyumba ina watu watano au sita, na kila mmoja ana saa zake na udhaifu wake. Mwenye kuhitaji sitara zaidi aghlabu si yule mwenye funguo.

Alichokifanya, kwa sasa, ni hiki. Amepatana na dereva wa tuktuk, mtu mzima wa mtaani mwao anayejulikana na familia yake, awapeleke watoto shule na yeye kisiwani asubuhi kwa malipo ya mwezi. Majirani wawili wenye watoto wa shule ile ile wamejiunga, kila mmoja akatoa sehemu yake. Si rahisi kama matatu, lakini makanga hayumo. Shamba halijauzwa. Mume, ambaye niliogopa atanuna, alikuja kunizungumzia baada ya Isha. Alikuwa ameshachukua fomu ya mkopo wenye riba kutoka kwa mtu anayeuza magari, na nikamsihi kama bado analitaka gari aulize kwanza habari za murabaha katika benki za Kiislamu, ambazo tunazo nchini tangu 2008. Huko benki hununua gari kwanza ikamuuzia kwa bei iliyotajwa mapema isiyoongezeka. Nilimwonya pia asome mkataba wote, kwani bei ile huwa juu ya bei ya dukani.

Na bibi ameniuliza swali jingine, safari hii akicheka: je, nikijifunza mimi kuendesha? Nilimwambia wanawake wa Mombasa wameendesha magari tangu mimi mtoto, na hata Saudi Arabia, iliyokuwa ikiwazuia, iliwaruhusu Juni 2018. Akasema hakuuliza hukumu, aliuliza kama naijua shule ya udereva yenye mwalimu wa kike. Nimemwambia nitaulizia, na msomaji aijuaye naomba atujulishe kupitia ofisi ya jarida.