Kwa Nini Theluji Haba Huua

Msomaji wetu aliyehamia Denver, Marekani, ametuuliza swali zuri. Dhoruba za Novemba zikikaribia, Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado huwaonya watu waiogope miteremko, ilhali milimani majani bado yanachungulia na theluji yenyewe haijafika magotini. Hayo maporomoko yatatoka wapi?

Yatatoka kwenye uhaba huohuo. Habari za theluji ni nini na kwa nini ni nyeupe nawaachia walimu wa shule. Mimi nina hamu na mvuke.

Theluji ya Oktoba hulala juu ya ardhi ambayo bado imehifadhi joto la kiangazi, hivyo chini kabisa huwa karibu na nyuzi 0. Juu, usiku usio na mawingu unaweza kuipoza hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ikiwa na kina cha sentimita 150, tofauti hiyo hutawanyika: nyuzi 1 kwa kila sentimita 10. Ikiwa sentimita 30 tu, ni nyuzi 5 kwa kila sentimita 10. Hapo ndipo utamu unapoanza.

Chukua sufuria ya wali iliyo jikoni. Mvuke hupanda, hukutana na mfuniko uliopoa, hugeuka matone. Sasa tia ndani ya sufuria hiyo mifuniko mia, mmoja juu ya mwenzake. Mvuke unaotoka mgongoni mwa mfuniko wa chini hunasa tumboni mwa ule wa juu yake. Huo nao hutoa mgongo wake kuulisha wa tatu, na kuendelea hivyo hadi juu. Kila mmoja unaliwa mgongoni huku ukinenepa tumboni. Chembe za theluji hufanya vivyo hivyo, ila hapa hakuna tone: barafu hugeuka mvuke, mvuke hurudi barafu, maji hayahusiki kabisa. Sufuria ikiwa ndefu, mvuke hupanda kwa uvivu na chembe hupata nafasi ya kuungana. Ikiwa fupi na makaa yamekolea, mvuke hukimbia, chembe huota kingo kali, na mwishowe huwa vikombe vidogo vilivyofudikizwa. Zichote uone: zinamiminika kati ya vidole. Watelezaji wa huko huziita theluji ya sukari.

Tabaka la chembe hizi vitabu huliita “tabaka dhaifu”. Sipendi. Dhaifu ni asiye na nguvu, na chembe hizi ni ngumu kweli. Zilichokosa ni kushikana. Mimi nitasema tabaka legelege, na mhariri akitaka alifute.

Kisha inakuja dhoruba. Theluji mpya hujaa kwa siku moja au mbili, upepo huikandamiza, nayo hushikamana ikawa bamba zito lililokaa juu ya tabaka legelege. Mtu mmoja akikanyaga, tabaka hubonyea, ufa hukimbia chini ya bamba, pengine husikika mlio mzito ardhini, na mteremko mzima hukatika. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo mibaya zaidi. Jua na uelekeo wa mlima vina lao la kusema, tuendelee.

Msimu wa 2020/21 Colorado ulianza hivyo: theluji ya mapema, kisha ukavu. Tabaka lile halikusahaulika, maana liliendelea kuvunjika hadi Februari. Watu 12 walikufa katika jimbo hilo, na 37 Marekani nzima.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Denver, soma taarifa ya kituo kila asubuhi kabla ya kutoka. Usipande mteremko unaozidi digrii 30 wala usipite chini yake, na usiende peke yako. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 mara nyingi hupona. Baada ya nusu saa, wengi huwa wameshakufa.