Je, Wajua? Raba Iliyoondolewa Ndiyo Iliyomuumba Light Yagami

Je, wajua kwamba Death Note, ile hadithi maarufu ya daftari linaloua, mwanzoni ilikuwa na njia ya kufufua wafu? Mwaka 2003 mwandishi Tsugumi Ohba na mchoraji Takeshi Obata walitoa nchini Japani hadithi fupi ya majaribio. Mhusika wake mkuu alikuwa Taro Kagami, mvulana anayeonewa shuleni. Anaokota daftari la Ryuk, mungu wa kifo, anaandika humo habari za wanaomwonea, nao wanakufa. Lakini Ryuk anampa pia raba: jina likifutwa, marehemu anarudi.

Hadithi ndefu ya manga ilipoanza kuchapishwa Desemba mwaka huohuo, Taro hayupo na raba haipo. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio uliomzaa Light Yagami, mhusika mkuu mpya. Anayeweza kufuta kosa hana haja ya kulitetea. Light hawezi kufuta, kwa hiyo inambidi ajiaminishe kwamba alilotenda ni haki, na kila jina jipya linadai utetezi mzito kuliko wa jana.

Tazama siku yake ya kwanza katika anime iliyotengenezwa na studio ya Madhouse, chini ya mwongozaji Tetsuro Araki, yenye episodi 37 zilizoonyeshwa kati ya Oktoba 2006 na Juni 2007. Jina la kwanza ni la mhalifu aliyeshikilia watu mateka katika shule ya chekechea. Sekunde 40 zinapita, moyo wa mtu yule unasimama. La pili ni la kijana wa pikipiki anayemsumbua mwanamke barabarani. Huyo Light anamuua ili kuhakikisha kwamba daftari kweli linafanya kazi. Kisha hofu inamshika. Anatambua kwamba ameua watu wawili, anatetemeka, na papo hapo anaanza kujieleza: dunia imeoza, lazima apatikane mtu wa kuisafisha. Siku tano baadaye Ryuk anakuta kurasa zimejaa majina. Watazamaji wengi humkumbuka Light aliyekwisha kuwa Kira, muuaji anayeabudiwa, na kumsahau kijana huyu anayetapatapa.

Je, wajua kwamba kanuni yake ya kuwaua wahalifu tu inavunjika mapema, katika episodi ya pili? Mtu anayejiita Lind L. Tailor anajitokeza kwenye televisheni na kumwita Kira mwovu. Light anamuua kwa hasira, akiamini ni mpelelezi asiye na hatia. Kumbe ni mfungwa aliyehukumiwa kifo, na mtego umetegwa na L, mpelelezi halisi anayemsaka Kira. Muda si mrefu anawaua pia maafisa 12 wa FBI, kisha Naomi Misora, mchumba wa mmoja wao.

Jambo linalonivutia kuliko yote katika mfululizo huu linakuja katikati. Anayekana umiliki wa daftari hupoteza kumbukumbu zote zinazolihusu. Light anafanya hivyo makusudi ili L asimshuku, na ghafla tunaletewa Light ambaye hajawahi kuua. Wachoraji wakabadilisha macho yake, yakawa mapana na laini. Mamoru Miyano, mwigizaji wa sauti yake, akalegeza sauti. Light huyu anamsaka Kira kwa moyo wote, na L anapomtaka atumie mapenzi ya msichana Misa Amane kwake kupata habari, anakataa: hisia za mtu hazichezewi. Ndiye yuleyule aliyekuwa akimtumia Misa kama chombo! Katika episodi ya 24 anashika tena daftari, anapiga ukelele, kumbukumbu zinarudi, na muda mfupi baadaye anaua kwa kipande cha karatasi alichokuwa amekificha ndani ya saa yake ya mkononi. Kumbukumbu zilifutika, waliokufa walibaki wamekufa.

Na baba yake? Soichiro Yagami, afisa wa polisi, naye anashika daftari. Anatoa nusu ya maisha yake yaliyobaki ili apewe macho ya mungu wa kifo, anamwona mhalifu Mello na kulijua jina lake la kweli, kisha mkono unasita. Halimalizi jina lile. Anakufa kwa majeraha akiwa na furaha, kwa sababu macho yale yamemdanganya kwamba mwanawe si Kira. Light, baba akiwa anakata roho, anamsihi aandike jina la Mello. Ohba alipoulizwa juu ya wema na uovu wa wahusika wake, alimwita Light mwovu sana na hata L mwovu kidogo. Soichiro pekee ndiye aliyemweka upande wa haki tupu.

Miisho nayo ni miwili. Katika anime, Light aliyejeruhiwa anakimbia, anapishana na taswira yake mwenyewe ya siku za shule, na Ryuk anaandika jina lake kutoka mbali. Katika manga hakuna huruma hiyo: anagaagaa, analia, anamwomba Ryuk amwokoe, mbele ya watu aliotaka wamtii. Naupenda zaidi mwisho wa manga. Mtu aliyewanyima wengine hata sekunde ya kujitetea anaonekana jinsi alivyo zamu yake inapofika. Anayetaka kulinganisha aangalie episodi ya 37, kisha asome kitabu cha 12.