Kila akaunti na mlio wake: Ninavyosoma imeili zangu nne kwa masikio

Barua ya kunitoa chuoni ilifika Jumamosi mchana, na aliyenisomea ni mdogo wangu wa Gredi ya Saba. Aliisoma kwa sauti, vile anavyosoma insha darasani. Alipofika pale pa “tunasikitika kukufahamisha”, mwiko uliokuwa ukigonga sufuria jikoni ukanyamaza. Mama alikuwa amesikia kila kitu. Mimi mwenye barua, nilipata habari sekunde moja na yeye. Hata nafasi ya kutafuta maneno ya kumwambia sikupata.

Macho yangu yalianza kufifia nikiwa kidato cha tatu. Nikiwa chuoni, noti nyingi zilikuja kama picha zilizopigwa kwa simu. Sasa, programu ya kusoma skrini ikikutana na picha ya ukurasa, mara nyingi inakwambia “picha” na kuishia hapo. Nikabaki nyuma, mwishowe nikaachwa kabisa. Lakini jioni hiyo ya Jumamosi niliapa jambo moja: hakuna mtu mwingine atakayenisomea barua yangu kabla yangu.

Kwa wasiojua, kisomaskrini ni programu inayogeuza yaliyo kwenye skrini kuwa sauti. Simu za Android huwa na TalkBack: unatelezesha kidole kulia inakusomea kitu kinachofuata, unagonga mara mbili kukifungua. Kwenye kompyuta natumia NVDA, ambayo hailipishwi hata shilingi. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote Waaustralia wasioona, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa ghali mno. Laptopu yangu ni mtumba, na NVDA inafanya kazi humo bila wasiwasi.

Kusoma imeili moja nilijua ndani ya wiki. Noma ilikuwa akaunti zenyewe. Nilikuwa nazo nne. Ya kwanza nilifunguliwa saiba nikiwa shuleni. Ya pili nilifungua baada ya kupoteza simu na kusahau nywila. Ya tatu ni ya blogu. Ya nne niliifungua kwa ajili ya mambo ya serikali. Bila shaka hata wewe unazo kadhaa, na zote zinaanza na jina lako: moja ina 254 mwishoni, nyingine ina nukta katikati.

Wewe unayeona hupati shida. Jicho linaruka moja kwa moja hadi kwenye ile 254. Sikio haliruki. Sikio linaanza mwanzo, na mwanzo wa anwani zangu zote ulikuwa jina langu. Nilikuwa nikisikia jina, nasema “sawa, nimefika”, natelezesha kidole kabla sauti haijamaliza. Nadhani niko akaunti ya pili, kumbe niko ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kazi. Kampuni fulani ilitafuta watu wa kusikiliza rekodi na kuziandika. Kazi ya masikio, mazee! Nikatuma maombi. Siku zikapita, kila asubuhi nikifungua kikasha nilichodhani ndicho, nikikuta kimya. Alhamisi jioni ndipo nikaingia ile akaunti nyingine kwa bahati tu. Mwaliko wa mahojiano ulikuwepo: Jumanne, saa tatu asubuhi. Jumanne iliyokwisha. Niliwapigia. Walinijibu kwa heshima kwamba nafasi imejazwa.

Usiku huo sikulala. Nilipanga akaunti upya, na mpango huo ndio ninaotumia hadi leo.

Kwanza, nilibadilisha majina. Kwenye kompyuta natumia Thunderbird, nayo inakuruhusu kuipa akaunti jina lolote badala ya anwani. Kwa hivyo nina Kazi, Blogu, Serikali na Zamani. Neno moja, na tofauti inasikika kwenye silabi ya kwanza.

Pili, asubuhi natumia kikasha cha pamoja, kinachokusanya barua za akaunti zote. Niliongeza safu inayotaja akaunti, nikaisogeza iwe ya kwanza. Nikishuka kwa mshale nasikia “Kazi”, kisha mtumaji, kisha mada. Kitufe cha F6 kinanirusha kutoka orodha ya vikasha hadi orodha ya barua, na Control inanyamazisha sauti ikianza kuropoka. Lakini kuandika barua mpya siandikii hapo. Naingia kwanza akaunti husika.

Tatu, kabla ya kutuma narudi nyuma kwa Shift na Tab mpaka nisikie barua inatoka kwa nani. Kila akaunti pia ina sahihi yake. Nikipitia barua na kusikia jina la blogu chini ya maombi ya kazi, najua niko pabaya. Kwenye simu ni vile vile: gusa sehemu ya mtumaji, sikiliza, ndipo utume.

Nne, ile Zamani sikuifuta. Ukifuta anwani uliyojisajilia huduma fulani, siku ukisahau nywila ujumbe wa kuirejesha utaenda wapi? Niliiweka isukume barua zote kwenye Kazi.

Mwisho, milio. Kwenye Android unaweza kuipa kila akaunti ya Gmail mlio wake wa arifa. Kazi inalia kengele. Serikali inagonga kama mlango. Blogu ni tone la maji. Simu ikiwa mfukoni, ndani ya matatu ya Kayole, najua nani ananitafuta bila kuigusa. Nikiamua kusoma navaa spika za masikioni, kwa sababu TalkBack haina aibu. Niliwahi kusahau, na abiria wa kiti cha nyuma akanipa pole kwa kazi niliyonyimwa.

Na wewe unayetuma imeili, nisaidie kidogo. Weka jambo lenyewe kwenye mada. “Hujambo” si mada. Tangazo usilitume kama picha, liandike. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na bango lililopigwa picha linamfungia mtu nje hata kama mlango wa ofisi uko wazi.

Wiki iliyopita tukiwa mezani kengele ililia. Mdogo wangu akanyoosha mkono kuchukua simu, mazoea ya zamani. “Nikusomee, bro?” Nikamwambia aachilie. Nikavaa spika, nikasikiliza mara mbili. Mama alikuwa kimya, anangoja.

“Ni ya kazi,” nikamwambia. “Nitakuambia tukimaliza kula.”