Kisomo na Dawa Havigombani: Tusimfiche Mgonjwa wa Akili

Leo safu yetu inazungumzia maradhi ambayo majumbani mwetu hayatajwi kwa jina lake. Mtu akiumwa tumbo, jirani hupata habari kabla ya adhuhuri. Akiugua akili, mlango hufungwa na wageni huambiwa amesafiri.

Hapa Oldonyo Sambu na vijiji vya kandokando ya barabara ya Namanga, mwendo wa mgonjwa huyu umezoeleka. Kwanza hufichwa. Kisha wazee huulizana ni laana ya nani, kwani wengi wetu tumetoka katika koo za Kiarusha na Kimaasai, ambako laana ya mzazi ni jambo zito na laiboni ndiye aliyezoeleka kuulizwa asili ya msiba. Wenzetu wenye asili ya pwani husema ametupiwa jini. Mganga ataitwa, ramli itapigwa, na mbuzi wataondoka. Baadaye ndipo huletwa kwa ustadhi asomewe. Hospitali hubaki ya mwisho, na mgonjwa hufika amefungwa kamba, amekonda, na fedha za nyumbani zimekwisha.

Hatari ya kuchelewa

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua. Siku ya tano halali, anasema peke yake, anadai mtoto si wake. Nyumba nzima inasema ni jini mahaba. Ndugu msomaji, haya ni maradhi yanayojulikana, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya uzazi. Mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto bila kukusudia. Akitibiwa mapema, wengi hupona vizuri. Kwa mama huyu, siku saba za ramli ni nyingi mno.

Dini yetu inasemaje?

Majini wapo, na Muislamu hana shaka juu ya hilo. Lakini kuamini kwamba wapo si kusema kila ugonjwa ni wao. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Usama bin Sharik iliyomo katika Sunan Abu Dawud, alituhimiza tujitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuwekea dawa. Na alipojiwa na mwanamke aliyekuwa akianguka na kufunukwa nguo, kama alivyopokea Ibn Abbas, hakumfukuza wala hakumdhihaki. Alimpa bishara ya Pepo akisubiri, na akamuombea asifunuke. Leo mwenye kifafa akianguka jikoni, wako wanaoogopa kumtoa motoni kwa hofu ya povu. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mtoe motoni, mlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani.

Waislamu waliotutangulia walilielewa jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu ya wazi, akasema hii ya pili chanzo chake kimo mwilini. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Basi kumpeleka mgonjwa hospitali si uhaba wa imani. Kwenda kwa mpiga ramli ndiko kulikokatazwa.

Ulimi nao una lawama yake. Mirembe ya Dodoma ni hospitali, lakini tumeigeuza kuwa tusi. Ukimwita mwenzio "wa Mirembe" kwa mzaha, mwanao anasikia. Siku usingizi utakapomkimbia na sauti zianze kumsemesha, atakuficha.

Ya kufanya nyumbani

Kisomo kiendelee, lakini dawa ianze siku hiyo hiyo. Kombe liandikwe kwa zafarani katika sahani safi na kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa, si kwa wino wa kalamu. Mgonjwa asipigwe wala asitiwe minyororo, kwani kidonda cha mnyororo kinaweza kuleta pepopunda. Asifukizwe moshi katika chumba kilichofungwa. Asaidiwe kuoga, kukata kucha na kubadili nguo, kwa upole na kwa kumsitiri.

Akianza dawa, msishtuke shingo ikikakamaa, mikono ikitetemeka au mate yakimtoka. Wengi husema jini anapigana na dawa, wakazitupa. Hayo ni maudhi ya baadhi ya dawa hizi, nayo yana tiba yake, basi mrudisheni kwa tabibu. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na mtu akipata nafuu asiziache mwenyewe. Ramadhani ikikaribia, muulizeni tabibu kama dawa zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Isipowezekana, Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Mpelekeni mgonjwa siku hiyo hiyo mkiona anataja kufa au kujiua, halali kwa siku kadhaa, anasikia sauti msizozisikia, amekataa chakula, au amechanganyikiwa huku ana homa. Huyu wa homa huenda ana malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na saa chache zinaweza kumuua. Mwenye kutaja kufa asiachwe peke yake, na kamba, visu na sumu za mifugo viondolewe karibu naye. Anzieni zahanati au kituo cha afya, nao watatoa rufaa ya Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Gharama zikiwashinda, muulizeni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha.

Nanyi maustadhi wetu, nyinyi mnaaminiwa kuliko sisi matabibu. Neno lenu moja, "msomeeni, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali", litafika mahali ambapo letu halifiki.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na aturuzuku subira ya kuwauguza. Amin.