Kwa nini kiongozi anayesaidia waliokimbia vita hulaumiwa?

Huenda umeona kiongozi akileta msaada kambini, na kabla jua halijatua watu wameanza kumsema. Wengine wanadai anatafuta jina, wengine wanadai amewapendelea watu wake. Makala hii inakueleza lawama hizo hutoka wapi, na jinsi ya kujua ipi inastahili kusikilizwa.

Kisa cha askofu wa Pemba

Mfano wa karibu ni Luiz Fernando Lisboa, Mbrazil aliyekuwa askofu Mkatoliki wa Pemba kuanzia 2013. Vita ilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na watu wa pwani walipokimbia makwao, Kanisa lake lilikuwa miongoni mwa waliowasaidia. Lakini hakuishia hapo. Alisema hadharani kuhusu vijiji vilivyochomwa na watu waliosahauliwa.

Baadhi ya vyombo vya habari vilivyo upande wa serikali vilimshambulia. Agosti 2020, Rais Filipe Nyusi aliwalaumu wageni ambao, kwa jina la haki za binadamu, hawaheshimu kujitolea kwa wanaoilinda nchi. Hakumtaja askofu, ila wengi walielewa kuwa ndiye. Mwezi huohuo Papa Francis alimpigia simu kumtia moyo. Februari 2021 alihamishiwa Brazil, na baadaye alisema kwamba alipokea vitisho.

Angalia jambo moja: lawama kubwa hazikuhusu chakula. Zilihusu maneno yake juu ya sababu za watu kukosa chakula na usalama.

Lawama hutoka wapi?

*Msaada unaonyesha pengo.* Anayewalisha watu anaonyesha, hata bila kusema, kuwa kuna mwingine aliyepaswa kuwalinda na kuwalisha. Huyo hukasirika.

*Msaada hautoshi.* Chukua mfano: mchele wa kaya 100 ukifika penye kaya 300, kaya 200 zinarudi mikono mitupu. Wenyeji waliowapokea wageni nyumbani, kama wengi walivyofanya Paquitequete mjini Pemba, nao wana njaa. Wakiachwa nje, chuki huanza.

*Msaada unampa mtu nguvu.* Anayeshika orodha ya majina ameshika chakula chako. Cabo Delgado kumekuwa na malalamiko kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa walidai pesa, au ngono kwa wanawake, ili waandike jina. Ndiyo maana watu wanamshuku hata kiongozi mwaminifu.

Pima lawama kabla ya kuirudia

Ukisikia kiongozi analaumiwa, jiulize:

- Je, lawama inahusu ugawaji, au inahusu dini, kabila na alikozaliwa mtoaji?
- Je, orodha ilisomwa mbele ya watu wote?
- Nani waliachwa, na waliambiwa sababu gani?
- Anayelaumu ameona mwenyewe, au amesimuliwa?

Swali kuhusu orodha ni haki yako, hata kama mtoaji ni mtu mwema. Lakini maneno kama "huyo si wa kwetu" hayakuongezei hata kibaba cha mchele, na wakati wa vita yanaweza kumhatarisha mtu.

Ukiona udanganyifu

Msaada haulipiwi. Mtu akikudai pesa au mwili wako ili upate chakula, hilo ni kosa, hata kama yeye ni mkubwa wa mtaa. Unaweza kupiga Linha Verde, namba 1458, bila malipo. Ilianzishwa 2019 baada ya Kimbunga Idai ili kupokea malalamiko na maswali kuhusu misaada. Taja mahali, siku na kilichotokea.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kwa jirani ni sawa. Kiongozi hawezi kwenda zake: hubaki atoe hesabu ya alichopokea na aliowapa. Kumuuliza hesabu hiyo si kukosa shukrani.